Chatu Akitulia, Usiseme Amekuzoea

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa huduma za mifugo wa kaunti katika baraza la wakazi. Tumeyachapisha ili hata wale ambao hawakuweza kufika wayasome na kuyajadili nyumbani.

 

Najua wengine mlicheka mliposikia kwamba leo tutazungumza juu ya chatu wa kufugwa. Lakini jirani wa mtu anayefuga chatu kwenye pipa, naye ana mtoto anayetambaa, hacheki. Kila msimu wa kukata au kuchoma miwa, na kila mto Nyando unapofurika, chatu hukimbilia mahali pakavu penye usalama, na watu hukutana nao. Wengi huwaua. Wengine, hasa vijana, huokota walio wadogo na kwenda nao nyumbani. Halafu baada ya wiki kadhaa husikia mtu akisema: "Huyu hana shida, amenizoea. Analala tu mchana kutwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Kulala kwa chatu si uvivu, wala si mapenzi, wala si ishara kwamba amefugika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nataka tuondoke hapa tukijua chatu hutulia kwa nini, huhangaika kwa nini, na nyumba ya mtu ina nini kinachomfanya asiwe salama ndani yake, yeye na watu wa nyumba hiyo.

Tunazungumzia nyoka gani

Chatu wetu, ambaye wengi hapa tunamwita ng'ielo, ndiye nyoka mkubwa kuliko wote barani Afrika. Aliyekomaa kwa kawaida huwa na urefu wa mita 3 hadi 5, na wachache hupita hapo. Hana sumu. Silaha zake ni meno yaliyopinda kuelekea nyuma, ambayo mnyama akishikwa nayo hawezi kujichomoa, na misuli ya mwili mzima. Anauma, anashika, kisha anajizungusha na kukaza.

Tulizoea kusema kwamba anayebanwa na chatu hufa kwa kukosa pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa boa, nyoka wa Amerika anayewinda kwa namna hiyo hiyo, ulionyesha kwamba jambo la kwanza ni damu. Mkazo ule huzuia mzunguko wa damu katika muda wa sekunde chache tu, na moyo hushindwa. Kwa hiyo anayesema, "Akinibana nitapata muda wa kupiga kelele watu waje," ajue muda huo ni mfupi kuliko anavyofikiri.

Vijana wetu wanaona kwenye simu picha za watu wa Ulaya na Marekani wamejifunga nyoka shingoni kama skafu, wakadhani huyo ndiye ng'ielo wetu. Mara nyingi siye. Yule ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, anayepatikana mpaka Uganda. Urefu wake ni kama mita moja hadi moja na nusu, na akiogopa hujikunja kuwa duara kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wengi wao hutoka nchi za Ghana, Togo na Benin kwenda kuuzwa ng'ambo. Huyo anapoogopa hujificha. Chatu wetu anapoogopa huuma. Ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka.

Kwa nini analala sana

Wanyama tuliowazoea, kama ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, hutengeneza joto la mwili wao kutokana na chakula. Ndiyo maana hula kila siku. Nyoka hatengenezi joto hilo. Joto lake hutoka kwenye jua, jiwe, udongo na hewa. Kwa kuwa hatumii chakula kujipasha joto, hahitaji chakula kingi, na akila mlo mmoja mkubwa anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kula tena.

Pili, chatu ni mwindaji wa kuvizia. Hakimbizi mawindo. Hujilaza kando ya njia ya wanyama, au majini akiacha pua tu nje, akasubiri. Anaweza kusubiri mahali hapo hapo usiku kucha, na usiku unaofuata pia. Unapomwona ametulia kwenye kona ya pipa lako huenda yuko macho na yuko kazini. Hata macho yake hayawezi kukuambia kama amelala, kwa sababu nyoka hana kope za kufunga.

Tatu, ametulia kwa sababu anasaga chakula. Hapa tunaona ajabu ya Mungu. Wataalamu waliomchunguza chatu wa Burma walikuta kwamba baada ya mlo mkubwa, kazi ya mwili wake huongezeka mara nyingi kuliko alipokuwa na njaa. Utumbo na ini hukua, na moyo wenyewe huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 40 katika siku mbili. Chakula kikiisha kusagwa, viungo hivyo hurudi vilivyokuwa. Kwa hiyo nyoka unayemwona amelala kama gogo, ndani yake mna shughuli kuliko sokoni Kibuye siku ya Jumapili.

Ukimsumbua wakati huo, kwa kumbeba ili watoto wapige picha, atatapika. Na mahali pakiwa na baridi, chakula huozea tumboni kabla hajakisaga, na anaweza kufa.

Siku moja ya chatu aliyefungiwa

Katika mahali palipojengwa vizuri, kama kwenye bustani za nyoka za makumbusho, chatu huwa na upande wenye joto la nyuzi kama 30 hadi 32 na upande wenye ubaridi wa nyuzi kama 25. Ana maji ya kutosha kujitumbukiza, na ana maficho. Ukimtazama hapo kwa siku nzima, bila kumgusa, utaona utaratibu.

Asubuhi huja polepole kwenye joto. Mwili ukishapata kiasi chake, huondoka kwenda upande wa baridi au kuingia mafichoni. Mchana hutulia. Jua linapozama ndipo shughuli zinapoanza. Ulimi hutoka na kuingia mara kwa mara, kwa maana ulimi ndio unaomletea harufu. Hutembea ukutani, hupima pembe zote, huingia majini, hujinyoosha. Usiku ni wakati wake. Anayo pia vishimo vidogo kwenye midomo vinavyohisi joto la mnyama mwenye damu moto hata gizani kabisa.

Sasa linganisheni na nyumba zetu. Mwenye chatu anaamka saa kumi na mbili, anamkuta ametulia, anaenda kazini. Anarudi jioni, anamtazama kidogo, anazima taa, analala. Saa za shughuli za nyoka zote zimepita watu wakiwa wamelala. Ndiyo sababu kila mwenye chatu atakuambia kwamba nyoka wake ni mpole na mvivu. Anamjua kwa saa zake za kupumzika tu. Na ndiyo sababu nyoka wa nyumbani hutoroka usiku.

Jambo jingine ni baridi. Hapa Kisumu mchana tuna joto, lakini usiku hushuka chini ya nyuzi 20. Nyoka aliyepoa hawezi kwenda. Akiguswa hajigeuzi, akiwekwa shingoni mwa mtu hajitikisi. Watu husema ni upole, kumbe ni baridi tu. Mweke juani kwa nusu saa, utakutana na nyoka mwingine kabisa.

Kuzoea ni nini

Mtu ataniuliza: "Daktari, unataka kusema nyoka hawezi kumzoea mtu hata kidogo?" Ni swali zuri. Nyoka anayeshikwa mara kwa mara bila kuumizwa anaweza kuacha kuogopa kushikwa. Hilo lipo, na watunzaji wa bustani za nyoka wanalijua. Lakini kuacha kuogopa si kupenda. Mbwa akikuona anafurahi. Ng'ombe anajua sauti ya anayemkamua. Nyoka hana masikio ya nje. Anachotambua zaidi ni mitikisiko ya ardhi, harufu na joto. Jina ulilompa halijui.

Akijizungusha mkononi mwako hakukumbatii. Anatafuta mahali pa kushika asianguke, tena mkono una joto. Na kuzoea huko kunaweza kuondoka kwa dakika moja, katika hali hizi ambazo kila mtu anapaswa kuzijua.

Hali ya kwanza ni njaa na harufu. Ukishika sungura au kuku kisha ukampelekea nyoka mkono ule ule, kwake mkono wako ni sungura. Ana njaa, amesikia harufu ya chakula, amehisi joto. Hatasubiri kuuliza.

Hali ya pili ni wakati wa kujivua gamba. Siku kadhaa kabla, macho yake huwa kama yametiwa maziwa. Haoni vizuri, kwa hiyo hujificha, hukataa kula, na kila kinachomgusa hukiona ni adui. Ni kawaida, si ugonjwa. Aachwe, apewe maji.

Hali ya tatu ni jike mwenye mayai. Jike wa chatu wetu hutaga mayai kati ya 20 na 100, akajizungusha kuyazunguka na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2018 habari za chatu wa kusini mwa Afrika, ambao ni ndugu wa karibu wa hawa wetu. Aliona majike wakitoka shimoni kuota jua, ngozi yao ikiwa imegeuka nyeusi zaidi ili ipate joto haraka, kisha wakirudi kuyapasha mayai. Aliona pia kwamba baada ya vifaranga kuanguliwa, mama hukaa nao karibu wiki mbili, na vifaranga hulala usiku kwenye mikunjo ya mwili wake. Muda huo wote hali chakula, na hukonda sana. Kwa hiyo anayeokota vifaranga vya chatu shimoni ajue huenda mama yuko hapo hapo ndani.

Dalili kwamba kuna shida

Nimeshasema kutulia ni kawaida. Sasa niseme ni nini kisicho cha kawaida. Haya ni ya kuwasaidia wale wenye vibali halali, walimu wanaopeleka wanafunzi kwenye bustani za nyoka, na yeyote atakayekuta nyoka amefungiwa mahali akataka kujua kama anateseka.

Nyoka anayetembea huku na huku bila kupumzika, usiku na mchana, akisukuma kioo au wavu kwa pua mpaka pua inachubuka na kutoka damu, hachezi. Anatafuta njia ya kutoka. Huenda mahali ni padogo, huenda pana joto kupita kiasi, huenda hana pa kujificha, au ana njaa.

Anayekaa ndani ya maji siku nzima, siku baada ya siku, huenda anaungua kwa joto au anaumwa na utitiri. Tazama chini ya magamba na kando ya macho, utaona vidudu vidogo vyeusi.

Anayepumua mdomo wazi, mwenye ute au mapovu mdomoni, huenda ana ugonjwa wa mapafu, na huo hutokana sana na baridi na uchafu. Anayeinua kichwa kutazama juu kama mlevi, akashindwa kujigeuza akilazwa chali, ana ugonjwa wa neva. Hao wote wanahitaji daktari wa mifugo. Usitie dawa ya kuku wala ya kupe wa ng'ombe kwenye nyoka, utamuua.

Asiyekula je? Hapo tuwe na subira. Chatu aliyekomaa anaweza kukataa chakula wiki nyingi kwa sababu ya msimu, kujivua gamba, au kuhamishwa mahali. Akiendelea kukonda mpaka uti wa mgongo ukatokeza, hapo kuna tatizo.

Na jambo ambalo watu hulisahau ni kunyooka. Wataalamu wa ustawi wa wanyama wamekuwa wakilalamikia desturi ya kufungia nyoka katika masanduku ambamo hawezi kunyoosha mwili wote. Nyoka hujikunja anapopumzika, lakini huhitaji kunyooka pia, kama wewe unavyohitaji baada ya safari ya matatu. Sasa hesabuni. Chatu wa mita 4 anahitaji mahali pa urefu gani? Nyumba ngapi hapa zina chumba cha ziada cha mita 4?

Nyoka hukua, na huishi miaka mingi

Kifaranga cha chatu wetu kikianguliwa kina urefu wa kama sentimita 50 hadi 60. Ni kitu kizuri kukitazama. Unakilisha panya. Miaka michache baadaye, akilishwa vizuri, amepita urefu wa baba mwenye nyumba, anataka sungura, halafu anataka mbuzi.

Tena hatakufa mapema kukupunguzia mzigo. Chatu huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, mwaka 2020 jike mmoja wa wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi alitaga mayai akiwa na umri uliokadiriwa kupita miaka 60. Kijana wa miaka 18 anayeokota chatu leo anajifunga na mnyama ambaye huenda ataishi mpaka kijana huyo awe na watoto wa sekondari.

Watu wanaposhindwa hufanya nini? Humwachilia kichakani usiku. Florida huko Marekani, chatu wa Burma waliotoroka au kuachiliwa na wenye kuwafuga walizaana katika eneo la Everglades, wakamaliza wanyama wengi wa pale. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza nchini humo chatu wa Burma pamoja na chatu wetu wa Afrika. Kwetu chatu ni mwenyeji, lakini aliyefungwa miaka mingi na kuzoea kuletewa chakula na binadamu, akiachiliwa hatakwenda porini. Atafuata harufu ya chakula penye watu.

Na kuna lile ambalo ni zito kulisema. Mwezi wa Agosti mwaka 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika aliyefugwa ndani ya nyumba iliyo juu ya duka la wanyama alitoka usiku kwenye kizimba chake, akapita kwenye njia ya hewa, akaangukia chumba walimolala watoto wawili ndugu, mmoja wa miaka 4 na mwenzake wa miaka 6. Wote wawili walifariki. Ilikuwa nyumba yenye kuta, milango na kizimba. Sisi tuna mapipa, magunia na mabati.

Hata nyoka mdogo asiyeweza kubana mtu ana hatari yake. Nyoka na mijusi wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Mtoto aliye chini ya miaka 5, mama mjamzito, mzee na mgonjwa wanaweza kuharisha vibaya kwa kugusa nyoka, au kwa kugusa beseni lililotumika kumwoshea. Ukimgusa nyoka popote, hata kwenye maonyesho, nawa mikono kwa sabuni.

Sheria inasema nini

Watu huniuliza kama jambo hili ni la kaunti au la serikali kuu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Ulinzi wa wanyamapori ni wa serikali ya kitaifa, na anayeusimamia ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo tukikuta mnyama anateswa linatuhusu, na akiwa ni mnyamapori tunafanya kazi na KWS.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukamata, kufuga au kuuza mnyamapori bila kibali. Kumwokota shambani kwako hakumfanyi kuwa mali yako. Hata ngozi yake au kichwa chake, ukikutwa nacho bila kibali, ni kosa lenye adhabu nzito. Ukimweka kwenye gunia bila maji, iko pia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na biashara ya chatu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Kenya imeutia sahihi.

Kama unaye nyumbani sasa hivi, usimwachilie wala usimuue. Nenda kwa chifu au kituo cha KWS kilicho karibu, hapa mjini kuna Hifadhi ya Impala, ueleze ukweli. Ni bora uende mwenyewe kuliko kufuatwa.

Ukimkuta shambani au bandani

Simama mbali. Ondoa watoto na mbwa. Usimpige mawe, kwa maana wengi huumwa wakijaribu kuua. Mwachie njia aondoke, na mtu mmoja amtazame kwa mbali huku mwingine akipiga simu. Akiwa amekula, hatakwenda haraka, na hapo ndipo watu humkaribia kwa ujasiri. Msifanye hivyo.

Kuku na mbuzi wafungiwe kabla ya giza, kwa sababu usiku ndio saa zake. Ziba matundu ya banda kwa waya wenye matundu madogo. Fyeka vichaka vinavyogusa banda, na ondoa marundo ya mawe na mabati. Hifadhi nafaka vizuri, maana penye panya nyoka hufika. Na tukumbuke chatu anakula panya wale wale wanaotumalizia mpunga na mahindi.

Wenzetu wa Nyakach

Namalizia na jambo la kwetu. Wazee wa hapa wanamkumbuka Omieri, chatu wa Nyakach, ambaye watu wengi walimhusisha na mvua na mavuno mema. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa kichaka, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko, na watu wengi walisikitika. Mwaka 2003 akaonekana Nyakach chatu mwingine, jike mwenye mayai, naye akaitwa Omieri.

Kila mmoja ana imani yake, na sikuja hapa kuamua juu ya mvua. Ninachotaka tukione ni namna waliomheshimu Omieri walivyoishi naye. Hawakumtia kwenye pipa wala kumvisha shingoni. Walimwacha akae kwenye kichaka chake, wao wakakaa nyumbani kwao, wakamtazama kwa mbali. Walijua anapotulia, wakajua pia anapokwenda, kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kufanya yote mawili.

Anayetaka kumwona chatu kwa karibu aende Makumbusho ya Kisumu, ambako kuna nyoka na watunzaji wanaojua kazi yao. Walimu, wapelekeni wanafunzi. Waambieni wakae mbele ya kioo dakika ishirini bila kugonga, waandike kila wanachokiona: ulimi, pumzi, mahali alipolala, kama yuko kwenye joto au kwenye baridi. Watajifunza zaidi ya anayemfungia kwenye pipa mwaka mzima.

Na mkisikia kuna mtu kijijini amemfuga, msimwonee haya mkanyamaza. Zungumzeni naye kwanza kama jirani, kisha mmwambie chifu. Afadhali lawama ya jirani kuliko kilio cha mtoto.

  Sasa naomba maswali, tuanze na kina mama walioketi huko nyuma.